Mkalimani wa Mimbarini: Malezi ya Watumishi wa Kanisa Baina ya Vizazi Katika Mpaka wa Busia na Malaba

Utangulizi

Jumapili asubuhi, katika makanisa mengi ya miji ya Busia na Malaba, mimbarini husimama watu wawili. Mmoja ni mhubiri, ambaye mara nyingi ni mtu mzima aliyehudumu kwa miaka mingi. Wa pili ni kijana, pengine aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, ambaye kazi yake ni kuyapokea maneno ya mzee katika lugha moja na kuyakabidhi kwa waumini katika lugha nyingine. Kiswahili huenda Kiganda, Kiingereza huenda Kiteso, Kisamia huja Kiswahili. Mgeni akiwatazama wawili hao huona kwamba hiyo ni dawa ya tatizo la lugha, basi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuna jambo jingine linalotendeka pale. Yule kijana ni mwanafunzi aliyeko darasani. Anajifunza utumishi kutoka kwa mtu wa kizazi kilichomtangulia, na anajifunza hadharani, mbele ya watu wanaozijua lugha zote mbili na wanaoweza kumsahihisha yeye pamoja na mwalimu wake. Ni maoni yangu kwamba uhadhara huu ndio kiini cha malezi yenyewe, na kwamba tunapojadili namna ya kuwaandaa watumishi wa dini nchini Kenya, suala ambalo sasa limefika hata mezani kwa Serikali, tunausahau.

Nakiri mapema kuwa mimi si mwanathiolojia. Ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Lakini nimezaliwa Busia, na tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na sita hadi nilipoingia chuo kikuu nilikuwa mkalimani katika kanisa dogo la upande wa Kenya. Sehemu ya mambo nitakayoyaeleza nimeyapitia mwenyewe, na msomaji ana haki ya kuyapima kwa kipimo hicho.

Tuna neno gani?

Wakufunzi wa vyuo vya thiolojia wanapozungumzia uhusiano wa mtumishi mkongwe na yule anayechipukia hutumia istilahi ya Kiingereza iliyotokana na jina la mtu. Katika utenzi wa Kigiriki wa Odyssey, Odysseus alipokwenda vitani Troy alimwacha mwanawe Telemachus chini ya uangalizi wa mzee aitwaye Mentor. Kiswahili hakina haja ya kuliazima jina hilo. Shida yetu ni kinyume chake: tuna maneno mengi, na kila moja linashika upande mmoja tu wa jambo. Mshauri hutoa rai akaenda zake. Mnasihi amekwisha kuchukuliwa na ofisi za shule, ambako mwanafunzi huitwa akiwa na makosa. Mlezi ana madaraka ya mzazi, na anayelelewa hubaki mtoto hata mvi zikimtoka. Kungwi anafundisha kweli, lakini mafunzo yake ni ya faragha na ya kipindi maalumu.

Neno linalonivutia zaidi ni somo. Kwa wengi wetu tuliolelewa bara, somo ni kipindi cha darasani. Pwani somo ni mtu pia. Ni yule ambaye jina lenu ni moja, ni mwandani, tena ni yule mwanamke amfunzaye mwari mambo ya utu uzima. Mwanaisimu anaweza kunionya kwamba huenda haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Onyo hilo nalikubali, ila kwa mtumiaji wa lugha yamekwisha kukaa nyumba moja: funzo na mfunzaji huitwa jina lilelile.

Upande wetu wa magharibi mzizi huohuo umefanya kazi nyingine. Katika Kiganda kitenzi okusoma hubeba maana ya kusoma kitabu na pia ya kusali au kwenda kanisani, na Wakristo wa mwanzo wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kuingia katika dini kulikuwa ni kuketi na mtu anayejua kusoma. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka pia kwamba neno mlokole, ambalo tunalitumia leo pasi na kuliuliza asili yake, limetujia kutoka Kiganda kupitia uamsho wa Balokole. Mpaka huu, kwa hiyo, umeipa lugha yetu zaidi ya boda boda, neno ambalo wengi wanakubali kwamba lilizaliwa hapahapa kwa wale vijana wa baiskeli waliowavusha wasafiri kati ya vituo viwili vya forodha.

Kanisa lililochelewa kuuona mpaka

Ili kuelewa kwa nini mkalimani amekuwa mwanafunzi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Hadi 1902 eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliliingiza katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Kanisa la Kianglikana halikuhama pamoja na mstari huo. John Jameson Willis, mmishenari wa Church Missionary Society, alianzisha kituo cha Maseno mwaka 1906, na mwaka 1912 akafanywa Askofu wa Uganda. Waumini wa Nyanza na magharibi mwa Kenya waliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda hadi 1921, walipohamishiwa Mombasa. Hivyo kwa takriban miaka ishirini mtu wa upande huu alikuwa raia wa serikali iliyomtazamisha Nairobi na mwana wa kanisa lililomtazamisha Namirembe.

Walimu waliokuja wakati huo, wengi wakiwa Waganda, walikuja na vitabu vya Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari tangu 1896. Kiswahili hakikupendelewa, Askofu Alfred Tucker, aliyeliongoza kanisa la Uganda hadi 1911, alikipinga kwa kukiona kuwa karibu mno na Uislamu. Mfumo wa mafunzo ulikuwa mwepesi: aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, na huyo naye akatumwa kijiji cha pili akiwa bado anaendelea kujifunza. Mwalimu hakumtangulia mwanafunzi wake kwa miaka mingi ya shule. Alimtangulia kwa kitabu kimoja au viwili, na wakati mwingine kwa sura chache tu.

Kisha vikaja vyuo. Pwani kulikuwa na shule ya wahudumu ya Frere Town tangu 1903, ambayo ilihamia Limuru mwaka 1930 na kupata hadhi ya chuo kikuu, kwa jina la St Paul's, mwaka 2007. Uganda ilipata Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, mwaka 1913. Vyuo viliinua elimu, hilo halina ubishi. Lakini vilibadilisha pia mahali pa malezi. Kijana aliondoka kwao, akaishi na wenzake wa rika lake, na mzee wake mpya akawa mkuu wa chuo, mara nyingi mgeni kutoka Uingereza.

Mgogoro wa Mukono wa mwaka 1941 unaonyesha vizuri gharama ya badiliko hili. Wanafunzi waliokuwa wameguswa na uamsho walikuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakitaja waziwazi dhambi walizoziona chuoni. Uongozi uliwakataza. Walipokataa kutii, 26 kati yao walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Nagenda hakupata kuwekewa mikono kuwa kasisi, lakini alikuja kuwa mmoja wa wahubiri waliosikilizwa sana Afrika Mashariki. Kanisa na chuo vilimpoteza mtu aliyekuwa tayari mikononi mwao.

Sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Linalonihusu ni kwamba Balokole walikuwa wakijenga aina yao ya malezi. Katika mikutano yao ya ushirika kijana aliweza kumwambia mzee kwamba amekosea, na mzee akatubu mbele ya wote. Mzee naye aliweza kumwambia kijana vivyo hivyo. Uamsho huo ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka 1937, ulipita makanisa ya pande zote mbili za mpaka, na tabia yake ya kusahihishana hadharani imebaki hata katika makanisa ambayo hayajiiti ya walokole.

Kwa sasa Waanglikana wa Busia wamo katika dayosisi mbili, Nambale iliyoundwa mwaka 1987 na Katakwa iliyomegwa kutoka kwayo mwaka 1991, na Wakatoliki wako chini ya Jimbo la Bungoma, la mwaka 1987. Makanisa ya Kipentekoste na yale ya kujitegemea ni mengi kupita hesabu. Ukalimani wa mimbarini unapatikana katika yote haya, ingawa kwa Wakatoliki nafasi ya kijana anayejifunza kando ya mkubwa wake imeshikwa zaidi na katekista.

Kusimama kando ya mzee

Hebu sasa tuutazame ukalimani wenyewe. Mzee niliyemfasiria alihubiri kwa Kiswahili, nami nilifasiri kwa Kiganda kwa ajili ya waumini waliovuka kutoka upande wa Uganda na wachuuzi waliohamia mjini kwetu. Kiganda changu nilikiokota sokoni. Nyumbani tulizungumza Kisamia. Ijumaa jioni nilikwenda kwake. Hakunipa mahubiri. Alinipa sura ya Biblia, akaniagiza niisome katika Kiswahili cha Union Version, ile tafsiri ya 1952, kisha katika Kiganda, nami nirudi kesho yake kumwambia tafsiri hizo zinaachana wapi. Swali lake lilikuwa lilelile: "Neno hili utalipelekaje, mwanangu?" Nilidhani ananifundisha kufasiri. Baada ya miaka mingi, nilipokuwa nikisoma nadharia za tafsiri chuoni, ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akinifundisha ufafanuzi wa matini.

Jumapili ya tatu au ya nne ya kazi hiyo nilipata aibu ambayo sijaisahau. Mzee alisema, "Tufumbe macho tuombe." Mimi, kwa haraka, nikalibeba neno kama lilivyo: "Tufumbe amaaso." Katika Kiganda okufumba ni kupika. Nilikuwa nimewaalika wageni wetu wapike macho. Kicheko kilianzia benchi za nyuma, upande wa wale waliovuka, kikasogea mbele. Mama mmoja muuza samaki akanitupia neno sahihi kwa sauti ya upole, "Tuzibirize, mwana wange." Nikalirudia. Mzee alisubiri. Hakunikatiza, hakunikemea, wala hakuniokoa. Watu walipotulia akasali, nasi tukafasiri sala hadi mwisho.

Nalitaja tukio hili si kwa sababu linachekesha. Kosa lilifanywa mbele ya watu, likasahihishwa na mtu wa benchi, na kazi ikaendelea. Katika chuo kosa kama hilo lingeishia kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, na mimi na mwalimu tu ndio tungelijua.

Miezi kadhaa baadaye mambo yaligeuka. Mzee alikuwa akisimulia habari za Naamani mwenye ukoma, ile iliyomo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya tano, na ulimi ukamteleza: alisema aliyemtuma Naamani kuoga Yordani ni Eliya. Nilisita. Je, nifasiri lililosemwa au lililokusudiwa? Nikasema "Erisa", yaani Elisha kwa Kiganda. Waliozijua lugha zote mbili wakatazamana. Mzee akanyamaza kidogo, akasema kwa Kiswahili, "Elisha, kijana amenisahihisha," akaendelea. Tulipokuwa tukitoka aliniambia, "Umefanya vyema. Ila siku nyingine niguse mkono kwanza." Sentensi hizo mbili nimezitafakari mara nyingi. Ya kwanza ilinipa haki ya kumsahihisha mtu aliyenizidi miaka arobaini. Ya pili ilinifundisha heshima inavyotendwa bila kuifuta haki hiyo.

Kuna mambo mengine ambayo mwanafasihi hawezi kuyapuuza. Mkalimani hujifunza urefu wa sentensi kwa mapafu yake. Mhubiri asiyejua kukata wazo mahali linapoweza kusimama peke yake humnyonga mkalimani wake, na mkalimani aliyewahi kunyongwa hatasahau atakapokuja kuhubiri mwenyewe. Hujifunza kimya kina uzito gani. Hujifunza kwamba methali ya lugha moja haivuki mpaka bila mzigo wake kukaguliwa: afadhali uitafutie nduguye upande wa pili, au uiseme wazi, kuliko kuiburura neno kwa neno. Fanani wa fasihi simulizi hulelewa namna hiyohiyo. Huketi nyuma ya bingwa, huitikia, hupewa kipande, hatimaye hupewa hadithi nzima. Tumeandika sana katika majarida yetu kuhusu manju na wafuasi wake na kuhusu watambaji wa hadithi, lakini sioni kwa nini mimbari imeachwa nje ya uchunguzi huo.

Naye mzee wangu alikuwa akinipa vipande. Mwaka wa pili alianza kufupisha visa: alitoa mwanzo, akaniachia nikimalize kwa Kiganda kwa maneno yangu, kisha akaendelea kana kwamba ndivyo walivyokubaliana mitume. Na Jumapili moja, bila ya kunipa taarifa ya zaidi ya siku moja, alinisogeza katikati ya mimbari, akasimama pale kando nilipozoea kusimama mimi. Nilihubiri kwa Kiswahili. Mzee akafasiri. Kiganda chake kilikuwa safi kupita changu, cha mtu aliyefanya kazi Tororo na Jinja ujanani mwake. Kwa miaka miwili hakuwa na haja ya mkalimani hata kidogo. Alikuwa amesikia kila kosa langu, pamoja na lile la kupika macho.

Historia ya kanisa la Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa njia hii. Mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi, Tanganyika, aliyemfasiria kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, Mganda kwa uraia na mtu wa Kigezi kwa kuzaliwa, aliyekuwa mwalimu wa shule Dodoma na aliyetokana na uamsho uleule wa kina Nagenda. Kivengere hakuwa mwanagenzi wakati huo, lakini watu wengi walimfahamu kwanza kwa sauti aliyomkopesha mtu mwingine. Baadaye akawa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, akalazimika kukimbia Uganda mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, na akaendelea kuhubiri duniani kote hadi alipofariki mwaka 1988.

Walioachwa nje ya mimbari

Itakuwa ni udanganyifu kuisifu njia hii bila kusema kasoro zake. Nilipokuwa nikisimama pale, binti wa rika langu aliyekijua Kiganda kunishinda aliketi kwaya. Hakuna aliyemkataza kwa maneno; hakuna tu aliyemfikiria. Akina mama walilelewa na wenzao katika vyama vya wanawake, nako walijifunza kusema mbele ya watu, kuongoza na kusuluhisha, lakini malezi hayo hayakuhesabiwa kuwa maandalizi ya uchungaji. Kivengere aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi huko Kigezi mwaka 1983. Kwa Waanglikana wa Kenya ilichukua hadi 2021 kuwapata maaskofu wanawake: Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, mwezi Januari, na Rose Okeno, Askofu wa Butere, mwezi Septemba. Butere si mbali na kwetu. Ningependa sana kujua ni nani aliyesimama kando yao walipokuwa na miaka kumi na sita.

Kasoro ya pili ni mzee asiyeachia. Nimewaona wakalimani wenye umri wa miaka arobaini ambao hawajapata kuhubiri hata mara moja. Wengine walichoka, wakakodi chumba mtaa wa pili, wakabandika kibao cha kanisa lao. Lawama humwangukia kijana mwenye tamaa, na pengine ni haki yake, lakini mara nyingi mlango wa kutokea ulifunguliwa na mtu aliyeukalia mlango wa kuingilia.

Wasia wa upande mmoja na wa pande mbili

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akitafuta kielelezo cha mkubwa anayemwandaa mdogo atakimbilia Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye. Wanathiolojia wanaye Paulo na Waraka wa Pili kwa Timotheo. Matini hizi mbili zinafanana kuliko tunavyodhani. Zote ni wasia. Msemaji yuko karibu na mwisho wa maisha, msikilizaji ni kijana anayetajwa kwa mapenzi ya mzazi, na maagizo yanachanganyika na kumbukumbu za mateso ya msemaji. Katika zote mbili, pia, hatumsikii kijana. Hatujui bintiye Mwana Kupona alijibu nini, wala Timotheo.

Hapo ndipo mapokeo ya maandishi yanapotuacha. Yanatufanya tuyaone malezi kuwa ni maneno yanayoshuka kutoka juu. Waraka kwa Timotheo unasomwa katika takriban kila semina ya kuandaa viongozi, hasa ile sehemu ya mwanzo wa sura ya pili inayohusu kuwakabidhi watu waaminifu mafundisho yaliyopokewa, na washiriki huondoka wakiamini kwamba kazi ya kijana ni kupokea. Ukalimani wa mimbarini unaongeza lile ambalo wasia hauna: jibu la kijana, linalotoka papo hapo, na kusikiwa na kusanyiko zima.

Vyeti, maafa na umri

Kwa nini jambo hili lina uzito leo? Mnamo Aprili 2023 Kenya ilishtushwa na habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga wasile. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mwezi uliofuata Serikali iliunda jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza sheria zinazohusu mashirika ya dini, nalo likakabidhi ripoti yake Julai 2024. Mjadala uliotangulia wa mwaka 2015, ambapo kanuni zilizopendekezwa zingewataka viongozi wa dini wawe na vyeti vya mafunzo, ulikuwa umezimwa Januari 2016 baada ya makanisa kulalamika. Rwanda kwa upande wake ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowataka wakuu wa makanisa wawe na shahada ya masuala ya dini.

Sipingi vyeti. Mtu anayeshika roho za watu asiyejua kuisoma Biblia yake katika muktadha wake ni hatari, na nimewasikia wa namna hiyo pande zote mbili za mpaka. Lakini cheti kinathibitisha kwamba mtu alimaliza mitihani. Hakisemi kama amewahi kusahihishwa mbele ya watu akavumilia. Shakahola hapakukosekana mwalimu na wanafunzi. Walikuwapo, na utii ulikuwapo kupita kiasi. Kilichokosekana ni mama wa benchi ya nyuma wa kusema kwamba neno hilo silo, na mwalimu wa kunyamaza akamwacha aseme. Malezi ya kizazi kwa kizazi yakifungiwa msituni yanaweza kuua, na chuo kizuri hakiwezi peke yake kuziba pengo hilo.

Tuliuona upande mwingine wa jambo wakati wa korona. Makanisa ya Kenya yalipofunguliwa tena Julai 2020, mwongozo wa baraza la viongozi wa dini uliruhusu waumini wasiozidi mia moja kwa muda wa saa moja, na ukawataka walio chini ya miaka 13 na walio juu ya miaka 58 wabaki nyumbani. Sababu zake za kiafya zilieleweka. Lakini kwa kanisa kama letu maana yake ilikuwa kwamba wazee wote wa mimbari waliondoka siku moja, na mpaka nao ulikuwa umefungwa kwa watu wa kawaida. Vijana walihubiri kwa lugha moja, bila wa kufasiri na bila wa kufasiriwa. Baadhi walifanya vizuri ajabu. Mmoja wao aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza aliogopa, kwa sababu hapakuwa na mtu mimbarini ambaye angejua amekosea.

Darasa linapofungwa

Kuna nguvu nyingine inayolisogeza darasa hili ukingoni, nayo sisi wapenzi wa Kiswahili hatuwezi kuilaani. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, kimepunguza usumbufu wa kuvuka, na biashara inawafunza watu lugha haraka kuliko shule. Kila mwaka wanaokuja kanisani kutoka ng'ambo wanaelewa Kiswahili zaidi. Kwa mujibu wa hesabu za kawaida hili ni ushindi wetu, na mimi nimeufurahia katika makongamano mengi. Sikuwa nimefikiri kwamba kila Kiswahili kinaposonga mbele, kijana mmoja anaondolewa kando ya mzee.

Niliporudi nyumbani likizo iliyopita nilikwenda kusali katika kanisa lile. Mchungaji ni mtu wa umri wangu, mhitimu wa chuo cha Biblia, anayehubiri Kiswahili kizuri peke yake. Hapana anayelalamika kwamba haelewi. Mzee wangu bado yu hai. Huketi benchi ya mbele, sikio moja likiwa limekwisha kazi. Nilipokuwa nikitafuta mahali pa kukaa nilisikia sauti ya chini ikisema Kiganda. Karibu na dirisha binti wa miaka kama kumi na minne alikuwa akimfasiria bibi yake, aliyevuka asubuhi hiyo, neno kwa neno, mdomo ukiwa karibu na sikio. Mhubiri alitaja jina fulani la Agano la Kale. Binti akasita, akalibadilisha. Bibi akageuka kumtazama. Mzee, ambaye alikuwa benchi moja mbele yao, aligeuza lile sikio lake zima upande wa dirisha, na mahubiri yalipokwisha akaniuliza binti yule ni wa nani.